Pacha wa Subilaga

Gwakisa alicheka peke yake, na kicheko hicho ndicho kilichomtibua mkewe roho.

Subilaga alikuwa mlangoni mwa jiko, soksi moja ya kazini mkononi, nyingine haijulikani ilipo. Alisimama akasikiliza. Hakikuwa kicheko cha mtu aliyekumbuka kituko. Kilikuwa kile cha chini, cha puani, ambacho mumewe alikuwa akikicheka enzi za uchumba wao, alipokuwa akimsindikiza hadi kwa shangazi yake na hataki safari iishe. Miaka mingapi hajakisikia? Alijaribu kuhesabu, akaacha.

Gwakisa alisimama mbele ya kioo cha sebuleni, futi yake ya kupimia imening'inia shingoni, viganja vyote viwili amevibandika kwenye kioo kupata joto. Ilikuwa Juni, na asubuhi ya Juni Mbeya si ya kufanyia mzaha. Ndiyo maana kila nyumba mtaani ilikuwa na kioo. Kampuni ya Jamala ilikileta na kukifunga bila kudai chochote. Kilijaa ukuta mzima, kilipasha nyumba joto usiku na mchana, nacho kilitaka jambo moja tu: kitazamwe.

"Unacheka nini?" Subilaga aliuliza.

Gwakisa aliondoa viganja haraka, kama aliyekamatwa akidokoa nyama chunguni. "Aa, si matangazo tu, Mama Tumpe."

Subilaga alitazama kioo. Kama kawaida, hakuona alichokiona mumewe. Kioo kilimjua kila mtu kwa macho yake na kilimrushia picha yake peke yake. Watu wawili waliweza kusimama bega kwa bega na kila mmoja akaona mambo yake. Yeye alimwona Gwakisa. Si huyu mwenye nyuzi zilizonasa kwenye sweta. Wa kiooni alivaa suti ya kijivu, akashuka garini, akakunja mkono ili saa yake ionekane, akasema kwa sauti nzito kwamba mwanaume anayejali wakati huijali familia yake. Subilaga alimzoea huyo bwana kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Au ndivyo alivyojiambia.

Binti yao, Tumpe, mwenye miaka tisa, alikaa kwenye mkeka chini ya kioo, anajipaka mafuta vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine, kwa subira ya mtu mzima.

"Mama," alisema bila kugeuka, "mbona wewe wa humu mikono yako laini?"

"Wa humu wapi?"

"Mama wa kiooni. Ana uso wako. Lakini yeye akinishika nywele humu, hazikwaruziki." Alifikiri kidogo. "Na anaonekana ananukia."

Subilaga alitazama mikono yake. Alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya treni pale Iyunga, mwaka wa kumi na nne sasa. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu jeupe, na ngozi ya viganja ilikuwa ngumu kama soli.

"Na Baba naye anaye," Tumpe aliendelea. "Nimemsikia Baba anamwita wake Subi."

Gwakisa alijifanya anatafuta mkasi.

Subi! Jina hilo lilikuwa la uchumbani. Siku hizi alikuwa Mama Tumpe, au "wewe", au akiitwa kutoka chumba kingine hakuitwa kitu, alipigiwa mluzi tu. Subilaga alivaa viatu bila soksi ya pili, akatoka. Njiani alishindwa kujielewa. Angekuwa mwanamke wa mtaa wa pili angejua la kufanya. Angemfuata mlangoni, wakamalizana. Lakini utamfuata nani, na mwizi amevaa uso wako?

*

Siku hiyo alichomelea mshono wa behewa ukaharibika mara mbili. Bupe, fundi aliyempita kwa miaka na kwa ulimi, alimzimia mashine.

"Chuma hakina kosa," Bupe alisema. "Nani amekuudhi?"

Subilaga alimweleza. Alitegemea kuchekwa, lakini Bupe alivua kofia ya kuchomelea, akajifuta jasho, akauliza swali moja: "Umewahi kumwona huyo pacha wako?"

"Nitamwona vipi? Kioo hakinionyeshi."

"Uso ni wako. Sheria inasema mwenye uso ana haki ya kujiona. Nenda ofisini kwao ukadai. Wasikuzungushe."

Hawakumzungusha. Ofisi ya Jamala ilikuwa na mazulia mazito na msichana mstaarabu aitwaye Edina, aliyemwamkia "Shikamoo, dada" na kumletea chai ya tangawizi kabla hajaombwa. Alimweka kwenye chumba kidogo, akamwambia aweke kidevu kwenye kiegemeo cha chuma ili kioo cha pale kiyakubali macho yake kama ya mumewe.

"Utamwona na kumsikia pacha," Edina alisema. "Maneno ya shemeji hatuwezi kukupa. Hayo ni siri yake."

Kioo kikawaka, na Subilaga akajiona akiingia sebuleni kwake.

Alikuwa yeye, hata namna ya kuinamisha shingo upande. Ila kovu halikuwepo, mabega yalikuwa yamepunguzwa, na kiuno kimeingizwa ndani kama gauni lililobanwa pini. Gauni lenyewe lilikuwa la manjano. Aliweka kikombe mezani, akakaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya Gwakisa, akakunja mikono yake laini mapajani.

"Leo umeshona nini, Gwakisa?" pacha aliuliza.

Kisha akanyamaza. Alisikiliza. Subilaga hakusikia neno hata moja la mumewe, aliona tu kimya kirefu, na pacha akiwa ndani ya kimya hicho anatikisa kichwa, anakunja uso kwa huruma, anainua nyusi. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tatu. Mumewe alikuwa anamweleza yule mwanamke mambo. Mambo gani? Nyumbani mtu huyo aliulizwa "umekula?" akajibu "ee," ikawa mazungumzo ya jioni nzima.

"Na ile kola uliyoifumua jana?" pacha aliuliza. "Mwenye shati ameridhika?"

Kimya tena. Kisha pacha akacheka, akaweka kiganja kifuani, na hapo tu, mwishoni kabisa, akanyanyua kipande cha sabuni na kusema mke mwema hujulikana kwa mashati ya mumewe.

Subilaga alitoa kidevu. Hakujua kulikuwa na kola yoyote.

"Nani alimfundisha kuuliza hivyo?" alisema.

"Hakufundishwa, dada. Macho ya shemeji yalimchagua." Edina alizungumza kama mtu anayesoma somo alilolipenda. "Sisi tuna vielelezo saba vya mke. Kioo huonyesha kimoja kimoja na kuangalia jicho linatulia wapi, mboni inapanuka wapi. Baada ya wiki kinajua. Kinachukua kielelezo kilichopendwa, kinakivika uso wa mtu wa nyumbani. Uso wa mgeni watu huuchoka. Wa nyumbani hauchokwi."

"Vielelezo saba. Nani aliyevichora?"

"Wenye bidhaa. Wa sabuni, wa mafuta ya kupikia, wa vitambaa."

"Katika hao saba hamna mwenye kazi?"

"Yupo mmoja wa ofisini." Edina alisita. "Akifika nyumbani anavua viatu, anaingia jikoni. Hapo ndipo bidhaa zilipo."

"Kwa hiyo macho ya mume wangu yalichagua, lakini sahani mmemwandalia nyinyi."

Kwa sauti ya kumstahi, Edina alisema, "Na kwa waume tuna vitano. Hakuna anayeshona, dada. Naona wewe macho yako yanatulia sana kwa mwenye suti. Kila siku karibu dakika arobaini."

Subilaga aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alikumbuka mkanda wa ngozi aliomnunulia Gwakisa mwezi wa pili, ambao Gwakisa aliutundika nyuma ya mlango na haujashuka mpaka leo. Alikumbuka fomu ya kuombea kazi kwenye kampuni ya usafirishaji aliyomwekea juu ya cherehani. "Jaribu tu, Baba Tumpe. Mwanaume kuinamia sindano mpaka lini?" Wakati ule alidhani maneno yale yalitoka kichwani mwake.

"Una njia mbili," Edina alisema. "Unaweza kuondoa uso wako. Kioo kitaendelea na kielelezo kilekile kwa uso mwingine. Ama..." Alisogeza kiti. "Wakubwa wangu wanataka kielelezo cha nane. Mwanamke wa karakana. Mwenye kovu, mwenye mabega, mwenye mikono yako hiyo hiyo. Kuna wenye krimu ya mikono migumu wanamsubiri. Tukupime mwili, utembee, useme, tukuchukue jinsi ulivyo. Shemeji atamwona mkewe wa kweli. Na binti yako pia. Na wasichana wote ambao hawajawahi kumwona mwanamke akichomelea. Hilo si jambo dogo, dada."

Halikuwa dogo. Subilaga alimfikiria Tumpe, ambaye akiwa na miaka sita alikuwa akilala na spana chini ya mto, na siku hizi anahesabu vidole vyake kwa mafuta. Aliona wasichana wa nyumba elfu moja wakimtazama mwanamke anashusha kofia usoni na cheche zinaruka. Kidole chake gumba kilikuwa tayari juu ya kibao cha kutia sahihi.

Kisha akamwona huyo wa nane amekaa kwenye kigoda, na kovu lake jeupe, na jasho lake, akisema: Leo umeshona nini, Gwakisa? Akamwona anasikiliza mpaka mwisho, kila siku, bila kuchoka, bila kuwa na zamu ya asubuhi. Huyu wa sasa, Subilaga angalau alimzidi kwa jambo moja, kwamba yeye ndiye wa kweli na huyu siye. Yule wa nane angemwachia nini?

"Niondoeni," alisema. "Uso wangu. Kote."

"Kwa binti pia? Fikiri, dada. Unawanyima watoto wa watu."

"Najua ninachowanyima," Subilaga alisema, ingawa hakuwa na hakika, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijiuliza kama hakuufunga mlango wa wasichana elfu moja kwa sababu ya gere ya mwanamke mmoja.

*

Asubuhi ya pili yake, siku ya mapumziko, Gwakisa alikwenda kwenye kioo kama kawaida yake. Subilaga alimtazama kutoka jikoni. Aliona mgongo wake ukikakamaa.

Gwakisa alisogea kushoto. Akasogea kulia. Akafuta kioo kwa mkono wa sweta, kama vile tatizo lilikuwa ukungu.

"Amekwenda wapi?" alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeamka akakuta upande wa pili wa kitanda umepoa. Wivu ulimshika Subilaga. Mumewe alikuwa anamlilia yeye, naye amesimama hatua sita kutoka kwake.

"Nimemwondoa," alisema.

Gwakisa aligeuka. "Bila kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Nikuombe ruhusa ya kumfukuza mwanamke nyumbani kwangu?"

"Alikuwa ni wewe!"

"Hakuwa mimi. Nilikwenda nikamwona. Nilimwona anavyokuuliza kola." Alitoka jikoni akamsogelea. "Sikujua habari ya kola, Gwakisa. Nilijua kwake."

Gwakisa alikaa kwenye kiti cha cherehani. Kwa muda alizungusha gurudumu la mashine kwa kidole, mbele na nyuma, bila kushona.

"Nilijua si wewe," alisema. "Mimi si mpumbavu. Lakini unadhani sikuona, Mama Tumpe? Kila asubuhi ulikuwa ukitoka kwenye kioo unanigeukia, na uso wako ulikuwa wa mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. Simjui huyo bwana wako. Najua tu anavaa mkanda. Nimemwonea wivu miaka miwili. Mara nyingine nikishona suti ya mteja nashika mabega yake, najiuliza, ndiyo haya? Ndiyo mabega anayoyataka?"

Subilaga alivuta kigoda, kilekile alichokikalia pacha, akakaa. Akasema, kwa sababu ndilo jambo pekee lililokuja:

"Leo unashona nini?"

Gwakisa alifumba macho. "Usiseme hivyo. Tafadhali. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema."

Wakakaa, kila mmoja na aibu yake. Ndipo wakamsikia Tumpe.

Alikuwa ameamka na kuketi kwenye mkeka wake bila wao kumwona. Alikuwa anaimba wimbo wa mafuta ya kupaka, taratibu, anainua mikono anaigeuza mbele ya kioo, kidevu juu, mabega yamevutwa nyuma. Hakuonekana mwenye huzuni yoyote.

"Tumpe," Subilaga aliita. "Unamwona nani?"

"Mama wa kiooni."

"Ana uso wangu?"

"Hapana. Amebadilisha." Tumpe aligeuza mikono upande wa pili. "Huyu ni mzuri zaidi, ana nywele ndefu. Naye ananiita mwanangu."

Gwakisa na Subilaga walitazamana. Yeye Gwakisa alikuwa amemlilia pacha kama marehemu. Mtoto hakuwa amelia hata chozi. Kwake uso ulikuwa nguo tu, iliyovuliwa ikavaliwa nyingine. Kilichobaki ni ile mikono, na mtu aliyemwamulia mikono ya mwanamke inapaswa kuwaje.

Subilaga alisimama akaenda kuleta mfuko wake wa vifaa.

"Kutakuwa na baridi," Gwakisa alisema.

"Najua."

"Na hawatarudisha kingine. Walisema ukikitoa mara moja..."

"Baba Tumpe, najua. Unashika huku au nikiangushe peke yangu?"

Gwakisa alitazama kioo kwa mara ya mwisho. Subilaga aliona, na ilimwuma, na aliacha imwume. Kisha mumewe akaja akashika ukingo wa chini. Nati zilikuwa nane, zimeshika kutu. Tumpe alipoelewa kinachofanyika alianza kupiga kelele, akamvuta baba yake sweta, akamwita mama yake jina baya ambalo hawakujua analijua. Walipokishusha chini na kukigeuzia ukutani, kioo kilikuwa bado na joto, na mtoto alijilaza nacho, mgongo kwa mgongo, akakataa kuondoka mpaka kilipopoa kabisa.

*

Julai nyumba ilikuwa baridi kama ghala. Gwakisa aliunganisha vipande vya vitambaa vilivyobaki kwa wateja, akatengeneza pazia nene la kuziba ule ukuta, na jioni Subilaga alimshikia upande wa pili wa kitambaa. Alikuwa anavuta mno. Gwakisa alimgombeza kwamba anaharibu upindo, naye akajibu kwamba chuma hakilalamiki hivyo, wakanuniana mpaka chakula cha jioni. Wakiwa wanakula Gwakisa akaanza kueleza, bila kuulizwa, kwa nini upindo wa pamba haufanani na wa sufu. Alieleza vibaya, akirukaruka. Subilaga alisinzia katikati, akaamka, akamwambia arudie.

Tumpe hakuwasamehe. Alijibu alipoulizwa, alikula alipoitwa, na kila siku baada ya shule alikwenda kwa rafiki yake mwenye kioo. Subilaga hakumkataza. Angemkataza nyumba ngapi? Mtaa mzima ulikuwa na vioo. Usiku alijilaza akihesabu makosa yake, na la kwanza lilikuwa kidole gumba alichokiondoa juu ya kile kibao.

Ndipo siku moja mchana, upepo wa baridi unavuma, mama wa yule rafiki hakuwepo na mlango umefungwa. Tumpe alikuja karakana. Hakuja kwa mapenzi. Alikuja kwa sababu kulikuwa na tanuru na meno yalikuwa yanagongana. Alimpita mama yake, akasema "Shikamoo" kwa ncha ya ulimi, akaenda kukaa mwisho wa jengo, kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na Bupe.

Subilaga aliendelea na kazi huku jicho moja liko kule. Kwa nusu saa mtoto hakufanya chochote. Kisha alisogeza ndoo. Akasogeza tena. Bupe, ambaye hajawahi kumbembeleza mtoto wa mtu maishani mwake, hakumtazama hata mara moja. Alizima moto, akaweka mkono wake wa kushoto kwenye goti apumzike, na mkono ule ulikuwa na makovu mara tatu ya yale ya Subilaga, kidole cha mwisho hakipo tangu kwenye fundo.

Tumpe aliinama akautazama. Kisha akaunyoosha wake, na kwa ncha ya kidole akagusa pale kidole kilipoishia.

"Iliuma?"

"Sana," Bupe alisema. "Nilitukana mpaka msimamizi akakimbia."

Tumpe alicheka. Alicheka kwa sauti, meno nje, kicheko ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu siku ya kioo.

"Na huu ni wa nini?" aliuliza, akionyesha mshono mbichi. "Mbona una nundu?"

Swali hilo Subilaga alikuwa amemjibu mara kumi, Tumpe akiwa na miaka sita. Alijua jibu zuri kuliko la Bupe. Alivuta pumzi aite, na wivu ukampanda, mchungu kama ule wa siku zote. Kwa nini yeye? Kwa nini asije kuniuliza mimi?

Lakini Bupe alikuwa mtu. Alinuka jasho na tumbaku, kesho wangegombana kuhusu zamu, na jioni angekwenda kwake amwache mtoto arudi nyumbani na mama yake, wakitembea baridini, wamenyamaza au wanazungumza.

"Hiyo nundu," Bupe alikuwa anasema, "ni kwa sababu nilikuwa na haraka. Vaa hii kofia nikuonyeshe mshono usio na nundu. Usiangalie bila kofia, utapofuka."

Kofia ilimmeza Tumpe mpaka mabegani. Subilaga aliyatazama yale mabega madogo yakijikaza chini ya uzito, kisha akashusha kofia yake mwenyewe usoni, akarudi kwenye behewa lake.